Kibaba Kilipojaa

Haba na haba, tuliambiwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa kibaba kikijaa
kinafanya nini.

Jumatatu, saa mbili na robo, Kamukunji.
Karatasi imebandikwa mlangoni mwa sacco ya mafundi bati,
jumla kwa senti, maana mimi sikutaka nukta zinisumbue:
−2146967296.

Nyundo zikanyamaza.
Mtu akitokea Landhies asingejua amefika wapi.
Okumbe, mikono imejaa masizi,
akaikwaruza alama ya kutoa kwa ukucha
kama anayebandua kutu.
"Hii kijiti," akasema, "ndiyo imekula karo ya mtoto?"

Mueni wa hazina akanipigia. Hakusalimia.

Nikafungua ghala. Senti zote zipo,
bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na nane,
zimejilaza ndani ya biti sitini na nne,
hakuna aliyezigusa.
Mwizi hakuwapo. Alikuwapo mtangazaji,
printf, ameshika %d,
kibaba cha biti thelathini na mbili
nilichompa mimi mwenyewe
sacco ilipokuwa na watu kumi na tisa
na benchi moja la kuazima,
nikadhani umaskini ni aina ya data
isiyobadilika.

Kompaila ilinionya. Kwa zambarau,
kila nilipojenga, miaka minne.
Nililizoea onyo
kama unavyozoea jenereta ya jirani.

Nikaandika %ld. Kwangu, salama.
Kwenye kompyuta ya kaunta, Windows ya enzi hizo,
long ni fupi:
kijiti kikarudi, na safari hii
Mueni alikuwa amesimama nyuma yangu.

Basi nikaacha kukisia.
Nikaita inttypes.h, nikaandika
"%" PRId64,
herufi chache zisizopendeza hata kuzitazama,
ila zinajua, popote zinaposimama,
kina cha kile zinachokisema.

Printa ikakohoa. 2148000000.
Mueni akahesabu tarakimu kwa kalamu, moja moja,
kisha akahesabu tena kutoka nyuma.

"Kwa hivyo pesa haikutoka," Okumbe akasema.
"Haikutoka. Ilisomwa vibaya."
Akageuza karai alilokuwa analifua, akatazama kitako chake.
"Mimi nikikosea kipimo, mama wa Gikomba ananirudishia siku hiyo hiyo.
Wewe ulirudishiwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nyundo zilianza tena,
moja huko kwenye masanduku, halafu mbili,
halafu sikusikia simu yangu ikilia.

Sasa ni usiku, niko Ngara, chai imepoa,
nazitafuta %d zote nilizozipanda.
Mia mbili na sita.
Ya hamsini na tatu huchapisha umri wa mwanachama.
Nimeitazama kwa muda.

Hiyo nimeiacha.
Umri unatosha kwenye kibaba.