Kona ya Bomba la Tatu

Kapya ameleta Corolla ya marehemu kaka yake
ikivutwa kwa kamba toka Ruashi,
na kwenye buti, ndani ya gunia la mahindi,
mabomba ya uzio.
"Yanang'aa," anasema.
Yanang'aa, ndiyo. Ni zinki.
Zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe, mtamu kooni,
nami nilishalala siku mbili nikitetemeka
katika joto la Oktoba,
mama akininywesha maziwa kama mtoto.
Nimeyarudisha guniani.

Tukaenda Kenya (si nchi, mtaa wetu,
ambako chuma hakifi, hubadili mwenyewe tu),
tukapata mabomba ya kiwanda kilichofungwa,
ukuta wake milimita mbili kasoro,
kona zimepindwa vizuri, hazina makunyanzi.

Sasa, nichomelee kwa nini?

"Tia fimbo tu, mukubwa.
Ni bomba ya moshi, haiko pete ya ndoa."

Fimbo naijua.
Hujenga lango, trela, kitanda cha chuma,
lakini ukuta mwembamba huutoboa kwanza
ndipo ibishe hodi.
Niliitumia hivi hivi, mwaka ule wa haraka.
Njia ya Likasi, jua la saa nane,
mshono ukafumuka, mwali ukalamba nyaya za plagi.
Aliyeshika usukani alitoka mzima.
Mimi, bado sijatoka.

Ipo mashine ya waya, kwa Masengo.
Ina mbio, haichoki, inajaza pengo kwa pumzi moja.
Ila nimeupasua mshono wake kwa msumeno nikaona:
mnene, mzuri wa kutazama,
umekaa juu ya chuma
kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.

Basi argoni.
Mtungi umevuka Kasumbalesa, unalipiwa kwa wiki,
na mashine yake inataka umeme usiokonyeza macho.
Umeme wa Katuba huja saa tano usiku,
huondoka kabla ya muuza mikate.
Nimekubali. Nitalala mchana.

Usiku wa kwanza nilifunga bamba kwa bolti
juu ya kichwa cha injini iliyokufa, lisipinde.
Nikatia nukta, nukta, nukta.
Usiku wa pili nikashona.
Mkono wa kulia mwali, wa kushoto waya,
mguu kwenye pedali, kama mama na cherehani yake,
na chini ya kinyago kidimbwi cha moto
kisichozidi kichwa cha msumari
kinatembea, kinaganda, kinatembea.
Chuma kikipoa kinabaki na rangi
za shingo ya njiwa.

Usiku wa tatu nilifika kona ya bomba la tatu
na mkono haukuingia.
Niligeuza. Nikalala chali. Nikamwita kijana Numbi
mwenye vidole vyembamba; navyo havikuingia.
Nilikuwa nimepanga njia ya moshi,
silinda hadi silinda, urefu sawa kwa sawa,
nikasahau njia ya mkono.
Taa nazo zikazimika.

Gizani nikatoa kopo la kabaidi,
lile ambalo mke wangu hataki likae karibu na nguo zilizoanikwa.
Maji kidogo, harufu ya kitunguu kilichooza,
kisha mwali wa bluu, mpole, mrefu,
uliokubali kupinda pale nilipopinda mrija.
Polepole. Chuma chote kiliona haya, kikaiva wekundu,
mshono ukatoka mweusi, wenye matuta,
kama kovu la goti.

Asubuhi Kapya anapiga picha
zile shingo za njiwa.
Injini inaunguruma, ua mzima unatetemeka, majirani wanatukana.
Mimi nimeinama upande wa pili na unyoya wa kuku,
naupitisha kwenye lile kovu,
mara moja,
mara ya pili,
nikingoja utikisike.