Upande wa Shoto

Gikomba, vijiko huuzwa kwa kilo.
Nyaguthii amevimwaga kwenye turubai, vinameta
kama omena iliyoanikwa. Shingoni ana sumaku ya kamba:
"Kikinata, baba, kitashika kutu. Kisiponata, kitakuzika."

Nikachutama. Nikakipima kimoja kimoja juu ya kidole.
Uma wa shirika la ndege ambalo halipo tena.
Kisu chenye herufi za ukoo wa watu, R na M, zimechakaa.
Kijiko cha bweni, namba 417 kwa msumari:
hicho nilikirudisha, nikakichukua tena.

Seti yetu, ile ya sanduku la mahameli,
ilikwenda Syokimau pamoja na kabati.
Sikugombea. Miezi minane nimekula kwa kijiko kimoja,
nikikisuuza, nikikikausha kwa shati.
Lakini Jumamosi Mumbe na Kavata wanalala kwangu.

Watu watatu, vipande tisa.
Nyaguthii akaongeza kijiko cha chai,
"cha mgeni usiyemtarajia."

Nyumbani, Umoja, nilivichemsha kwa magadi.
Uma kushoto. Kisu kulia, makali yatazame sahani.
Hayo alinifundisha mama yao, nami nikibisha
kwamba ugali haujui kushoto.
Nikapima mapengo kwa kidole gumba,
nikarudi hadi mlangoni, nikatazama
kama mtu aliyetumwa kukagua.

Walikuja na mvua. Wakanawa. Wali, maharagwe,
kuku niliyemuunguza upande mmoja.
Mumbe akavisifu vijiko, kama watu wazima wasifuvyo.
Kavata hakusema kitu. Alihamisha tu:
kijiko akakivusha, kisu akakivusha,
uma ukapita juu ya sahani kwenda kulia,
taratibu, bila lawama,
kama mtoto aliyezoea kusahihisha wenyeji wake.

Shoto.
Miaka tisa ya shoto.
Na ni mimi niliyesimama mbele ya mama yangu
alipoupiga ule mkono kwa mwiko,
nikasema, mwache, ndivyo alivyo.

Leo Jumatano. Hakuna anayekuja.
Nimeandaa mahali pa mtu mmoja,
kisu kushoto, uma kulia, namba 417 pembeni ya kisu,
nikakaa pale, mkono wa kulia nimeukalia.
Maharagwe yanaanguka mezani.
Naokota. Najaribu tena.