Ngazi Isivunjwe

Tampere, Januari, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha pamba
kisichofuma tena. Chini yetu mto umekataa kuganda,
unapiga kelele peke yake gizani, saa kumi alasiri.

Hilppa kaandika ubaoni maktaba tatu.
Si za vitabu; hizi hazina rafu wala vumbi,
ni kazi ya mikono ya wengine, tunaazima
ili tusichimbe kisima kila tunaposhikwa na kiu.
Tunataka kitatuzi cha Lisp, basi.
Kitu cha kukaa na programu inapoanguka,
kiiulize: umeumia wapi?

Ya kwanza ina nembo, ina kampuni, ina mawakili.
Taneli anaipenda: ina kasi, ina rangi,
inajengwa upya kila Jumatatu.
Ya pili inategemea ya nne, nayo ya nne
inategemea ya tisa, na ya tisa haifunguki;
tuliifuta kwa kiwiko kabla kahawa haijapoa.
Ya tatu ni mistari elfu moja na mia moja
ya Armas Kettula, fundi wa lifti kule Kajaani,
aliyeiandika usiku, na hajaigusa miaka kumi na mitatu.
"Maiti," akasema Taneli.
"Imetulia," akasema Hilppa.

Tukazipima. Nikaandika kosa la makusudi,
saba gawa kwa sifuri,
nikalifukia ndani ya mabano, ndani ya mabano mengine,
kina cha miito arobaini,
kama anayeficha jiwe kwenye mchele
apime macho ya mpishi.

Ya kwanza ilianguka kwa adabu. Ikafagia sakafu,
ikakunja ngazi yote, mwito baada ya mwito,
ndipo ikaja na maandishi mekundu: kuna hitilafu.
Nani aliita? Hayupo.
Alikuwa ameshika nini mkononi? Tumeshatupa.
Waliosema aliye juu mngoje chini
hawakuwahi kutatua programu: akifika chini
amekwisha kusahau alichokiona.

Ya Kettula ilisimama.
Haikugusa kitu. Miito arobaini
ikabaki ngazini, kila mmoja na namba zake mfukoni,
na chini ya skrini njia tatu:
Tumia thamani nyingine.
Rudia.
Acha.
Kishale kinapepesa, kinanisubiri mimi.

Nikapanda. Kwenye kidato cha kumi na saba
nikakuta sifuri ilikozaliwa: orodha tupu,
mabano mawili yasiyo na kitu kati yao,
yanatazamana kama viganja baada ya dua.
Nikaweka mbili. Nikasema, endelea.
Ikaendelea kana kwamba hakuna aliyejikwaa,
ikanipa saba juu ya mbili,
sehemu kamili, haikukatwa mkia.

Taneli alikuwa keshavaa koti.
"Na siku ikiharibika yenyewe, utampigia nani?
Fundi wa lifti?"
Swali la haki. Sikuwa na jibu, na tramu yake ilikuwa inakuja.

Hilppa akafungua mstari wa mia nane na sita.
Kettula kaacha maelezo pale, kwa Kifini:
Hapa sina uhakika. Nikilala nitaelewa.
Hakurudi kuyafuta.

Tukaichukua. Toleo sifuri nukta tisa,
maana hakuwahi kuthubutu kuiita moja.
Mashine hatukuizima. Kosa jingine, la kweli hili,
tuliliacha limesimama mpaka asubuhi na ngazi yake nzima,
tukazima taa,
tukaenda kulala.