Nusu Dumu

Sina ugomvi na jua.
Hunikuta mlangoni kabla sijanawa uso,
limeshapanda milima ya nyuma ya Sigunga
bila dereva, bila risiti.

Paneli zilikuja kwa boti kutoka Kigoma,
masanduku kumi na mawili na fundi mwenye kofia.
Akasema: miaka kumi, mzee Gwimo, hutasumbuka.
Tukapiga vigelegele. Jenereta ya zahanati
nikaifunika turubai, nikaiambia:
pumzika, kikohozi wewe.

Ntakije naye akasikia.
Dizeli amwuzie nani? Akauza mapipa;
penye harufu yake sasa pana viazi.
Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyekumbuka
kwamba mlango wa zamani haung'olewi
mpya ukiwa hauna bawaba.

Mwaka wa tatu betri zikavimba mbavu.
Mchana zinashiba,
saa mbili usiku zinalia njaa.
Nikapiga simu. Spea ziko njiani.
Masika yalipoanza nikapiga tena.
Ziko njiani.
Njia gani hiyo, ndefu kuliko reli?

Siku ya nne ya mvua, usiku,
nesi Hidaya akanigongea, tochi kwapani.
Binti wa Bukuru ameshikwa na uchungu,
friji la chanjo limeanza kutoka jasho.
Nikaivua jenereta turubai.
Tangi kavu.

Nikakimbilia mashine ya kusaga.
Mama Chausiku hakutaja bei.
Akapima nusu dumu gizani, kwa sikio,
akasema: kesho watu watachemsha mihogo,
unga utasubiri.

Ikakohoa mara saba. Ya nane ikashika.
Moshi ule ule niliouzika
ukaingia dirishani pamoja na mwanga,
na mtoto akapiga chafya
kabla hajalia.

Asubuhi mawingu yakapasuka.
Jua likaketi juu ya paneli, linang'aa,
kama mgeni aliyelala nyumba ikiungua
na sasa anauliza, mmeamkaje?

Nimepanda ngazi na kitambaa,
nabandua majani na kinyesi cha ndege,
taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto.
Mkono mmoja unanuka sabuni, mwingine dizeli.
Chini, bomba la moshi bado la moto.

Mama Chausiku anapita na dumu lake tupu.
Mafuta yangu, Gwimo, yatarudi lini?
Nafungua mdomo niseme yako njiani.
Naufunga.