Hatua Kumi na Moja

Walipomaliza lami ya kwenda Mvumi
walituachia mfereji, mwembamba, umenyooka,
udongo mwekundu mtupu, haukugusishwa hata jiwe.
Siku ile nilipima kwa miguu yangu
kutoka jikoni hadi ukingoni: hatua thelathini na mbili.
Nikajicheka. Nani anahesabu ardhi Ugogoni,
ambako mvua yenyewe huja kwa kubembelezwa?

Lakini ikija, haiji na adabu.
Januari moja, usiku mmoja,
maji yalishuka kutoka vilimani, rangi ya chai ya maziwa.
Hayakutaka kupanda juu.
Yaliutafuna ukingo kwa chini, kwenye nyonga,
na asubuhi nikakuta jamvi la nyasi linaning'inia,
halina kitanda.
Ishirini na tano.

Mwaka uliofuata choo kilikwenda.
Kilikwenda na mlango wake na kufuli lake,
ufunguo ukabaki kwenye pindo la khanga yangu.

Jirani yangu Mbijima alitupa matairi,
akatupa mabua ya uwele, magunia ya pumba,
akatupa na kitanda cha chuma cha marehemu shemeji.
Maji yalivizunguka, yakachimba nyuma yake,
yakaondoka na vyote kama mtu anayehama.
Akaja bwana wa barabara, kofia ya njano,
akapiga picha, akalitamka neno "gabioni"
kwa sauti ya kijana anayetaja jina la mchumba.
Bajeti ijayo, mama.
Kumi na nane.
Bajeti ijayo.
Kumi na tatu.

Mwanangu Ndahani hupakia mchanga mtoni,
kule chini mfereji unakokwenda kutapika.
Malori yanaupeleka mjini, kwenye maghorofa.
Jioni moja alirudi, akaweka kitu mezani:
kufuli.
Nikafungua pindo, nikautia ufunguo.
Uliingia. Haukugeuka; ndani kulijaa mchanga.
Tukatazamana, mimi na mwanangu,
na sukari iliyokuwa kwenye chai yangu
nikajua imenunuliwa kwa kiwanja changu.

Sechelela ndiye aliyeleta vetiva kutoka Mpwapwa,
vichipukizi ndani ya gunia bichi,
majani yasiyo na sura, ungeyapita njiani.
Mizizi yake haitambai, alisema, inazama wima,
kama mtu anayefuata ndoo iliyoangukia kisimani.
Ila kwanza, akasema, shika jembe.
Ukingo uliosimama wima unangoja kuanguka.
Ulaze.

Nilaze? Nikate mwenyewe
kile nilicholilia miaka minne?
Nilikata. Hatua mbili nzima,
kwa mkono wangu, nikiutukana mfereji,
nikimtukana na Sechelela kimoyomoyo.
Mawe makubwa tuliyazika mguuni pake,
madogo tukayashindilia kwenye mapengo,
kisha mistari mitatu ya majani, imekingama,
shibiri moja kati ya shina na shina.
Yakanywa maji ya kuoshea vyombo.
Mbuzi wa Mbijima wakayakata kama kinyozi,
yakaota tena, yamenuna.

Mvua ya mwaka huu sikulala.
Nilikaa jikoni na tochi, nasikiliza
ule mlio ninaoujua, *pu*, wa bonge likijitupa majini.
Ulikuja mara moja. Nikangoja wa pili.
Kukacha, nikaenda pekupeku:
mstari wa juu ulikatika katikati, upana wa mlango;
miwili ya chini imelala kifudifudi,
imepakwa tope, imeshika.
Nyuma yake maji yaliacha udongo wa watu wengine,
laini, mweusi kidogo, sijui wa kwa nani.

Nikapima. Kumi na moja.
Nikarudi, nikapima tena. Kumi na moja.

Sechelela anapiga vigelegele.
Mimi nanyamaza, naitazama miguu yangu:
nayo imezeeka, inakanyaga karibukaribu siku hizi.
Kesho nitamwita Ndahani apime yeye.