Kura ya Ardis

Miaka arobaini Ardis amepigia kura kanisani,
chumba cha chini, harufu ya nta na kahawa,
palepale walipokaa matanga ya mumewe.
Verlyn, aliyeimba harusini kwao,
humuuliza kila mara, uso mkavu:
"Jina lako kamili?"

Mwaka huu nyonga imegoma ngazi.
Kura imekuja kwa posta,
imelala mezani juu ya bili ya gesi.
Hakuna pazia. Paka anachungulia.
Anajaza viduara, analamba gundi,
anatia sahihi; mkono unatetema,
herufi zinakwenda upogo.
Wataitambua?

Theluji mpaka sandukuni.
Anatumbukiza bahasha, anainua kibendera chekundu,
anasimama.
Hakuna aliyemuuliza.

"Ardis Lindqvist," analiambia bati,
na pumzi yake inaganda kwenye kifuniko.