Ngozi ya Kitunguu

Darasa la jioni, Majengo. Hadubini moja, sisi kumi na saba.
Mwalimu Kadzo kaniambia: Bi Mkubwa, wewe ndiye mkata vitunguu,
lete chako.

Nikaleta cha Kongowea, chekundu, kimeshaanza kuota.
Miaka ishirini na sita nakata vitunguu,
vya bajia, vya sambusa, vya pilau za harusi na za matanga,
na sikuwahi kukiuliza kitu ila bei.

Nikavua ile ngozi ya ndani,
nyembamba kuliko karatasi ya kishada.
Tone la ayodini, kioo juu ya kioo,
nikafumba jicho moja kama mchunguliaji wa tundu la ufunguo.

Lahaula.
Mtaa.
Mtaa mzima, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta
kama Kibokoni ya utoto wangu, ila hapa hapana kichochoro,
na kila nyumba ina doa la hudhurungi pembeni
kama taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana.
"Kiini hicho," akasema mwalimu. "Ndimo yalimoandikwa yote:
wekundu, ukali, lini kuota."

Nyuma yangu Athman Shebwana, kuli wa Kilindini, akauliza:
"Na bandari yake iko wapi? Shehena inaingiaje?"
"Chini ya ukuta mna utando. Una milango, na milango ina macho:
maji hupita, sukari huulizwa, chumvi husubirishwa."
"Basi ni forodha. Na haili rushwa?"
Mwalimu akafikiri.
"Virusi," akasema, "huwa vinajua kuhonga."

Nikauliza langu: mbona kinaniliza?
"Kwa sababu unabomoa. Ndani ya seli mna vitu viwili
vimetengwa kama jamaa waliogombana.
Kisu kikipita vinakutana, na moshi wao ndio unaokupanda machoni."
Miaka ishirini na sita nikidhani ni ukali tu.

Kisha kijiti cha meno, nikajikwangua shavu kwa ndani.
Seli yangu mimi. Haina ukuta.
Utando mtupu, umekunjamana kama leso iliyovuliwa usiku,
na doa lake.
"Na humo, usimoweza kuona kwa kioo hiki, mna mitokondria,
meko madogo, mamia, yanayochoma chakula kikawa nguvu.
Hayo hukuyapata kwa baba, Bi Mkubwa. Ni ya mama peke yake."

Nyumba ya Kibokoni iliuzwa mwaka aliokufa mama.
Kaka zangu walichukua mafungu yao, nami nusu ya fungu,
na jiko lake la mkaa hakuna aliyejua limekwenda wapi.
Nililitafuta. Hata kwa wauza vyuma chakavu wa Mwembe Tayari nilifika.

Kumbe limo.
Limo shavuni, limo katika kidole kinachoshika kisu,
linawaka nami nimelala.
Kaka zangu nao wanalo, ila kwao linazimika.
Langu limekwenda kwa Mwanasiti,
na Mwanasiti ana mimba ya miezi sita.

"Bi Mkubwa, foleni," akasema Athman.
Nikamwachia kiti.
Kioo cha kutazamia kilikuwa kimelowa,
ikambidi akipanguse kwa shati.